Nani Anakaa Kiti cha Kando?

Vijana wangu, nyinyi mnaosimamisha pikapu mbele ya lango langu hapa Karurumo na kupiga honi utadhani mmeleta mahari, karibuni. Lakini zimeni injini kwanza. Mbwa wangu amezeeka na hasikii vizuri, na mimi namfuata kwa karibu.

Najua kilichowaleta. Mmeona kwenye simu gari la mtu fulani likipanda mawe, magurudumu makubwa, tumbo liko juu hewani, muziki unalia, na papo hapo mkaona la kwenu limekaa chini kama kuku anayeatamia. Sasa mnataka liinuke na liwe gumu. "Guka, tuambie tununue springi gani." Mnauliza hivyo, mkiniita babu kwa lugha ya kwetu, hata kabla hamjakaa. Mimi sijibu. Nina maswali yangu matatu, na asiyeweza kuyajibu nampa chai tu, kisha namsindikiza hadi barabarani.

La kwanza, unabeba nini? La pili, unapita wapi? Hayo mnayajibu haraka, tena kwa kujigamba, na mnaniona mzee mwenye akili. Halafu nauliza la tatu: nani anakaa kiti cha kando? Hapo mnatazamana na kuanza kucheka. Juzi mmoja wenu, yule mwenye kofia aliyoigeuza nyuma mbele, alinijibu, "Guka, hiyo seat ni ya madem." Nikamwuliza huyo dem, huyo msichana wake, ana mgongo wa aina gani. Nikamwambia aende akamwulize, ndipo arudi tuzungumze habari za springi.

Hilo swali la tatu sikulisoma popote, na hata mwalimu wangu hakunifundisha. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kianjai, na njia aliyotumia iliniharibia shati.

Ngoja niwaambie kwanza mimi nilikuwa nani. Nilitengeneza springi mjini Meru karibu maisha yangu yote ya kazi. Sikugusa injini wala nyaya za umeme. Kazi yangu ilikuwa pale chini, kati ya fremu na gurudumu. Watu wa hapa nyumbani walipomwuliza mama yangu, Njeru anafanya nini huko Meru, aliwajibu kwamba nalala chini ya magari ya watu. Hakukosea.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athumani, Mwislamu wa pale mjini, mtoto wa wachinjaji. Ndugu zake wote waliuza nyama. Yeye peke yake alikimbilia gereji, na alipoulizwa sababu alisema magari hayakuangalii machoni. Gari likiingia kwetu, halikuguswa kwa spana hata moja mpaka yeye alizunguke, aliinamie, alikandamize kila pembe kwa kiganja na kusikiliza linavyorudi juu. Mwenye gari akiwa na haraka, Mzee Athumani alizidi kwenda polepole. Nilidhani ni maringo. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anauliza maswali, ila aliliuliza gari badala ya dereva, kwa kuwa madereva walikuwa wanamdanganya.

Kuna mambo aliyonifundisha ambayo hiyo simu yenu haiwaambii, kwa hiyo yashikeni. Springi za nyuma za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyolaliana, na yamefungwa kwenye ekseli kwa zile bolti zilizokunjwa kama herufi U. Ukifungua bolti hizo, zitupe. Zilishavutika, na ukizirudisha zitalegea ukiwa njiani, na ekseli itaanza kutembea yenyewe. Bushi za springi, zile pete za mpira kwenye ncha zake, nazo usizikaze gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Lishushe, lisimame kwa miguu yake, ndipo ukaze. Wengi hawajui hili. Wanakaza gari likiwa hewani, mpira wa bushi unabaki umejipinda, halafu wanalalamika kwamba springi mpya ni mbaya.

Tena kuna kifaa kidogo juu ya ekseli ya nyuma, katika pikapu nyingi, kinachopima mzigo ili kijue breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua mkia wa gari na kukisahau hicho, kitadhani gari ni tupu hata ukibeba mlima. Utakanyaga breki kwenye zile kona za kuteremka kuelekea Chuka na utaanza kukumbuka dhambi zako zote, hata za shule ya msingi.

Na taa! Kulikuwa na bwana mmoja wa Runyenjes aliyeinua pua ya pikapu yake bila kushusha taa. Aliendesha jioni moja hadi Meru, na kila gari alilokutana nalo lilimwashia na kumzimia taa. Alifika kwetu asubuhi yake akiwa na furaha, akaniambia watu wa barabara ile wana heshima sana, wote walimsalimia. Mzee Athumani alilazimika kwenda nyuma ya gereji kucheka.

Sasa tuende Kianjai.

Kule Tigania, iliko Kianjai, na Igembe kuna ugonjwa ambao hapa Embu hatuna, na naomba usiwaambukize. Pikapu za miraa, vile vijiti vya kutafuna, hufungwa mzigo juu kwa juu, umefunikwa majani ya migomba, na dereva anakimbia kabla haujanyauka. Kwa hiyo wenye magari hayo huongeza mabamba ya springi mpaka nyuma inakuwa ngumu kabisa. Hilo ni sawa, kazi yao inataka hivyo. Shida ni wakati wa kurudi. Gari likiwa tupu, mabamba yote yale hayana cha kubeba, basi mkia unainuka na pua inainama. Na mkia huo ukageuka cheo. Mtu akiona pikapu tupu imeinua mkia sokoni, anajua mwenyewe hubeba mzigo wa maana. Nimewahi kuona harusi ambapo pikapu za mkia juu ziliwekwa mbele, na gari dogo la bwana harusi likafuata nyuma likila vumbi.

Mutuma alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kianjai. Alikuwa mtu mkubwa, mikono mipana, mwenye sauti ya chini. Hakubeba miraa hata kitita kimoja. Alibeba simiti na mabati. Lakini binamu yake alibeba miraa, na pikapu ya binamu ilikuwa na mkia ambao watu waliusifia. Basi Mutuma akaenda mahali kando ya barabara, akaongezewa mabamba kama ya binamu. Kisha akaja kwangu ili niinue na pua, maana mbele pikapu yake ilikuwa na ile nondo ndefu inayojipinda badala ya springi, na mtu alikuwa ameshaikaza mpaka mwisho.

"Unabeba nini?" nikamwuliza.

"Simiti, fundi. Siku zingine mabati."

"Unapita wapi?"

"Kwetu huko ndani. Ni mawe tu. Gari ndogo haifiki, tumbo inagonga."

Enzi hizo maswali yangu yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalikuwa yamejibiwa vizuri. Nikachukua spana. Mutuma hakuondoka. Alisimama pale akijikuna shingo, halafu akasema, "Fundi, kusema ukweli, si pua imenileta. Ni mathe."

Akanieleza. Mama yake alikuwa ameteleza shambani akavunjika nyonga. Hospitalini Meru walimtia chuma, na daktari wa mazoezi akamtaka afike kila wiki ili mguu ufundishwe upya kutembea. Alienda mara chache kwa pikapu ya Mutuma, kisha akakataa. Akasema hapandi tena gari lile hata akiambiwa linaenda mbinguni. Na daktari alikuwa ameonya kwamba nyonga ikiachwa ikauke katika siku hizo, ndiyo basi. Mama angebaki kubebwa hadi chooni kwa maisha yake yote.

"Ameniambia afadhali ikauke," Mutuma akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima vile. Alifuta macho kwa kitambaa cha kwanza alichokiona, ambacho kilikuwa changu cha grisi, na akapata masharubu mapya. Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani, na hata huko nilijisikia vibaya.

Nikaenda kumwona mama mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, nikavaa shati jeupe ili kumheshimu. Nilimkuta amekaa uani kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja umenyooshwa juu ya gunia lililokunjwa, anachambua maharagwe. Alikuwa mwembamba, macho makali, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kukazwa.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Mama Mutuma."

"Wa wapi?"

"Embu, mama. Karurumo."

"Aii! Mutuma, umeniletea Mwembu? Kwani Wameru wameisha?"

Mutuma akaangalia miguu yake. Mimi nikamwambia Wameru wengi walikuwa kanisani, na nadhani jibu hilo lilimpendeza kidogo, kwa sababu alinionyesha kigoda nikae.

"Sikia," akaniambia. "Hiyo gari ni ya simiti. Simiti haina mfupa. Mimi niko na mfupa, na mmoja umeshikwa na chuma. Ikipanda jiwe, mimi naenda juu. Ikishuka, mimi bado niko juu. Halafu nakuja chini peke yangu. Unajua hiyo ni uchungu gani?"

Nilijua. Alieleza springi ngumu kuliko nilivyowahi kuzisikia zikielezwa.

"Na kupanda!" akaendelea. "Imeinuliwa kama nyumba ya kuku. Wananishika hapa na hapa, mmoja anasema moja, mbili, tatu, wananitupa ndani kama bag ya simiti. Majirani wakiangalia. Mimi nimezaa watoto saba na nimelima hii shamba yote na jembe. Sitatupwa."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Gari lilihitaji kuwa juu, la sivyo mawe yangelisimamisha. Lilihitaji nguvu nyuma, la sivyo duka lingefungwa. Na lilihitaji kumbeba mwanamke mmoja mwenye mfupa uliovunjika, asiyefikia uzito wa mfuko wa simiti, bila kumwumiza wala kumwaibisha. Kununua springi ngumu kuliko zote ni rahisi, mtu yeyote aweza. Kuchagua ndiyo kazi.

"Nikiitengeneza vizuri, utapanda, mama?"

"Wewe kwanza," akasema.

Nilipunguza baadhi ya mabamba ya nyuma na kulegeza ile nondo ya mbele. Nondo ikikazwa hadi mwisho, pua inainuka kweli, lakini gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni, kwa hiyo gari zima linaanguka pamoja nalo. Jumapili iliyofuata nikarudi Kianjai nikijiamini, na shati langu jeupe limepigwa pasi.

Mama Mutuma hakulitazama gari. Aliita mkwe wake alete uji, ule mchachu wa wimbi, kwenye kata ya kibuyu. Ulijazwa mpaka ukingoni. Akanikabidhi.

"Kaa kwa kiti yangu. Shika hivyo, usiweke kwa magoti. Mutuma aendeshe mpaka lami na arudi. Mimi nitaangalia shati."

Vijana wangu, nimewahi kulala chini ya lori lililokuwa limesimama kwa mawe mawili, na sikuogopa kama siku ile. Tulitoka langoni vizuri. Kwenye jiwe la kwanza uji ulinisalimia kidevuni. La pili, ukaingia kwenye mfuko wa shati. Tulipofika lami, kata ilikuwa nusu, na wakati wa kurudi Mutuma, katika kukwepa mbuzi, alipita juu ya mzizi. Nilirudi kwa mama nikiwa na kata tupu, na uji ukinitiririka hadi kwenye mkanda.

Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Mutuma hakucheka. Aliniangalia kuanzia shingoni kushuka, polepole, akasema, "Hiyo yote ni mfupa wangu umemwagika. Rudi nayo Meru."

Hata hivyo alinijazia kata nyingine ninywe kabla sijaondoka. Uji wenyewe ulikuwa mtamu sana.

Mzee Athumani wakati huo alikuwa ameacha kazi, lakini bado alikuja gereji kila siku kukaa kwenye kreti la soda na kukosoa. Aliniona nikishuka, akatazama lile shati, akauliza kama nimebatizwa upya. Nikamweleza kisa chote. Akainuka, akazunguka pikapu kama kawaida yake, akakandamiza pembe zote. Kisha akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba na kunigeukia.

"Njeru, umemaliza springi na hujauliza upepo?"

Magurudumu yalikuwa yamejazwa upepo wa kubebea simiti. Yalikuwa magumu kuliko mawe yenyewe. Na kuna kitu cha pili: mabamba nilikuwa nimeyapunguza, lakini shokomzoba zilikuwa bado zile nzito zilizowekwa pamoja nayo. Springi ndiyo inayobeba, shokomzoba ndiyo inayoizuia springi isicheze ovyo. Ukiweka shokomzoba ya springi ngumu juu ya springi laini, inaishika mpaka haisogei. Mnaponunua, nunueni viwili hivyo vikijuana.

Basi nikafungua upya. Nyuma niliyapanga mabamba kwa hatua mbili: ya juu laini, yanayofanya kazi kila wakati, na chini yake bamba nene lililonyooka, lisilogusana na yale mengine mpaka simiti ipakiwe. Gari likiwa tupu, bamba hilo linalala tu. Mzigo ukija, linaamka. Nikayasugua kutu mabamba yote ili yateleze, nikaweka shokomzoba za kiasi chake, na nikainua mbele na nyuma sawasawa, kwa kimo cha kuvuka yale mawe tu. Mutuma akaja kuichukua.

Aliizunguka. Akainama, akaangalia kwa mbali, akarudi karibu.

"Fundi, mkia umeisha."

"Umeisha."

"Watu watasema duka imeanguka. Binamu atanicheka mpaka Krismasi."

"Naweza kuurudisha sasa hivi. Mabamba yenyewe yale pale ukutani."

Aliyatazama yale mabamba kwa muda, naye najua alikuwa anaona soko zima la Kianjai likimtazama. Mnaweza kucheka, lakini mimi nilimwonea huruma. Ule mkia aliupenda kweli, kama nyinyi mnavyopenda hizo taa zenu za buluu. Mwishowe akasema, "Wacha ikae hivyo," na akaniuliza mama atapandaje.

Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nilichukua bamba moja la ule mkia wake, nikalikata, nikalifunga chini ya mlango wa kiti cha kando liwe kidato cha kukanyagia. Nililifunga kwa bolti. Chuma cha springi msikichomelee kamwe, maana pale penye moto huvunjika siku ambayo hamkutarajia. Juu yake nikaweka kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu ili mguu usiteleze.

Jumapili ya jaribio la pili nilikwenda na shati jingine. Mama Mutuma alikuwa tayari na kata. Nilikaa kitini, nikaushika uji kwa mikono miwili, na Mutuma akaondoa gari kwa upole mkubwa. Kwenye jiwe la kwanza uji ulienda upande mmoja ukarudi. Kwenye ule mzizi ulifika ukingoni kabisa, ukatulia pale, mimi nikiwa nimefunga macho, kisha ukashuka ndani. Tulipofika lami Mutuma alisema, "Usiongee, fundi, usipumue." Tukageuza.

Mama alinikagua kuanzia kola hadi vifungo vya mwisho. Akageuza mikono ya shati aone upande wa ndani. Akachungulia kata.

"Imepungua kidogo. Umekunywa?"

"Sijakunywa, mama."

"Fungua mdomo." Nikafungua. Akanusa. Watoto wa jirani wakawa wanasubiri hukumu.

"Hajakunywa," akatangaza, kisha akamgeukia mwanawe. "Alhamisi tunaenda."

Nikawapa sharti moja la mwisho. Siku za hospitali, upepo wa magurudumu upunguzwe, na nyuma pawekwe mzigo mdogo, kwa maana pikapu yoyote hutulia zaidi ikiwa na kitu kidogo cha kubeba. Nikasema mikungu michache ya ndizi ingetosha.

"Kwa hivyo mimi na ndizi tunasafirishwa pamoja?" akauliza Mama Mutuma kwa ukali. Kisha akafikiri. "Ndizi za nani?"

"Zako, mama."

"Na zikifika Meru zinarudi?"

Hazikurudi. Kila Alhamisi alikwenda na mikungu yake, akafanyiwa mazoezi, na wakati wa kutoka ndizi zilikuwa zimeshapata wenyewe kuanzia langoni mwa hospitali. Mutuma aliniambia daktari wa mazoezi alikuwa wa kwanza kuweka oda, na kwamba mama alikuwa akimwambia, ukinivuta huo mguu vibaya leo, unakula ugali mtupu.

Binamu alimcheka Mutuma, ndiyo. Alimcheka siku nyingi. Baadaye, mke wa binamu akiwa na mimba kubwa, ni pikapu ya nani iliyoazimwa kumpeleka kliniki? Mutuma alinipigia simu kunieleza hilo tu, akakata.

Muda ukapita. Asubuhi moja niko chini ya gari la mtu, nikaona magurudumu ninayoyajua yakisimama langoni mwa gereji. Mlango wa kando ukafunguka. Nikaona fimbo ikitangulia, kisha mguu mmoja ukakanyaga kile kidato, kisha ule mwingine ukashuka chini, polepole, wenyewe, bila mkono wa mtu. Nilibaki nimelala palepale nikiangalia ile miguu miwili ikitembea kuja kwangu. Mzee Athumani kwenye kreti lake alisema, "Alhamdulillahi," naye hakuwa mtu wa kusifu kazi.

"Mwembu, toka huko chini," Mama Mutuma akaita.

Nikatoka.

"Hiyo ngazi yako, toa."

"Nitoe? Imelegea?"

"Haijalegea. Inanizeesha. Watu wakiniona nayo wananiuliza ninaumwa wapi. Toa, nataka kupanda gari yangu kama watu."

Nikafungua zile bolti. Akampa Mutuma fimbo, akashika kishikio cha mlangoni, akatanguliza mguu mzima, akajivuta, na ule wa chuma ukafuata ndani. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Alipokwisha kukaa alitazama mbele kana kwamba hajafanya chochote. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na hata kitambaa cha grisi sikukitafuta. Nimeinua magari mengi katika maisha yangu. Hakuna jambo jingine lililonifurahisha kama kumwona mama yule akijiinua.

Nilimnyooshea kile kidato kupitia dirishani. Akakisukuma.

"Kaa nacho," akasema. "Wewe pia utazeeka."

Nilikileta hapa Karurumo nilipostaafu, na kimekaa nyuma ya jiko tangu hapo. Mmoja wenu alishaniuliza ni kipande cha gari gani, nikamwambia ni cha mguu wa mama wa Kianjai, akadhani nimeanza kupotewa na akili.

Wiki iliyopita binti yangu, Wanja, alikuja na pikapu aliyoinunua. Ananunua maparachichi huku na huku na kuyapeleka Runyenjes. Naye kama nyinyi, hata kabla hajakaa akasema, "Baba, nataka kuiinua kidogo na kuikaza nyuma. Niweke nini?"

Nikamwuliza anabeba nini. Akaniambia. Nikamwuliza anapita wapi. Akaniambia, tena akataja hata lile daraja bovu. Kisha nikamwuliza la tatu, huku nikishika mwimo wa mlango ili nisimame, kwa sababu siku hizi magoti yangu hayapendi kuamshwa ghafla.

Wanja hakucheka. Alinitazama nikisimama, akayatazama magoti yangu mpaka yakamaliza kunyooka. Halafu akazunguka nyuma ya jiko, nikasikia mabati yakigongwa, akarudi anapangusa utando wa buibui kwenye kile kidato.

"Baba, bolti zake ziko wapi?"

Nikamwambia ziko kwenye mkebe dirishani, na akienda kuzichukua apitie jikoni, anijazie kata ya uji.